Nilivyoinyamazisha Breki ya Mzee Hamadi

Kuna vijiji viwili vitatu upande wa Wingwi ambako mpaka leo nikipita wanawake hujifunika midomo kwa kanga na kuulizana, "Si yule wa sifa huyo?" na mimi huinamisha kichwa kama niliyeangusha kitu njiani, ingawa nimewasikia vizuri sana na nastahili kila neno.

Siku yenyewe niliondoka Mtambile alfajiri bila ya safari. Nasema bila ya safari kwa sababu shangazi yangu aliponiuliza naelekea wapi nilimjibu "kaskazini", akaniambia kaskazini si mahali, nikamwambia basi nikifika nitajua. (Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, shule nilishaiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu na mimi nilichoka na majibu yake, na tangu hapo nilikuwa nazunguka kisiwa hiki nikichungulia kila mtu anafanya nini na anafanyaje, mpaka nikafukuzwa kwa fundi saa, kwa fundi cherehani na kwa mchimba kaburi.) Basi nikavaa kikoi changu cha mistari, nikatia nguo mbili kwenye mkoba, nikadandia lori mpaka Konde, na kutoka Konde nikafuata harufu ya samaki kwa miguu mpaka nikajikuta nimesimama diko la Tumbe, pale pwani wanaposhushia samaki, saa tatu ya asubuhi, mdomo wazi.

Hapo ndipo nilipomkuta Mzee Hamadi. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu mzima mwenye ndevu fupi nyeupe, amekaa mchangani ameukamata mguu wake kwa mikono miwili, kachomwa na mwiba wa samaki taa dakika chache kabla sijafika, na mguu unavimba huku watu wanauangalia. Pembeni yake ilikuwepo baiskeli yake ya Kichina, ile nzito yenye breki za vyuma virefu vinavyovuta raba mbili kwenye rimu, na nyuma yake tenga limeshajaa changu na tasi aliowanunua mnadani. Ikaja pikapu ya kumpeleka hospitali, wakampakia, na yeye anageuka geuka kuliangalia tenga lake kama mtu anayeacha mtoto sokoni. Wachuuzi wenziwe kila mmoja alikuwa na tenga lake na jua halimsubiri mtu. Mimi sikuwa na tenga, sikuwa na pa kwenda, na mdomo wangu siku zote hufika kabla yangu.

"Mzee, nipe mimi," nikasema. "Nieleze tu wapi."

Akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kwa tabu jina langu na la baba yangu, na hapo nikatambua kuwa ana kigugumizi, tena kizito, neno moja linamchukua mwendo. Akanielekeza kwa mkono zaidi kuliko kwa mdomo: njia ya Wingwi, nyumba yake mbele ya msikiti mdogo, wateja wako njiani. Nikautupa mkoba wangu ndani ya pikapu ili ashike kitu changu kama mimi nilivyoshika chake. Dereva anatia gia, Mzee Hamadi akanishika mkono wa shati.

"Usitie..." akasema. "Usitie m... m..."

Na mimi, kwa huruma (niliona ni huruma wakati ule), nikammalizia. "Nisitie mashaka! Sitii mashaka, mzee wangu, na wewe usitie!"

Akatikisa kichwa. Nikadhani anashukuru. Pikapu ikaondoka na yeye bado ananinyooshea kidole, mdomo wazi, neno limekwama mlangoni.

Nikapanda baiskeli. Hatua chache tu mbele palikuwa na mbuzi katikati ya njia, nikavuta breki, na hapo ikatoka sauti ambayo sijapata kuisikia hata kwa ng'ombe anayechinjwa. Si mlio, ni kilio: kirefu, chembamba, kinaingia kwenye meno. Mbuzi akaruka boma. Nikajaribu tena polepole, ikalia tena, nikajaribu kwa nguvu, ikalia zaidi. Nikapita nyumba tatu za mwisho za Tumbe nikiwa natumia breki kwa ajili ya mashimo, na kila nikivuta, mlango mmoja unafunguka na mwanamke anatoka na bakuli mkononi ananipungia. Miye nikajua wamekasirika, wanataka kunimwagia maji ya vyombo. Nikawaambia, "Niwieni radhi, mama zangu," nikakanyaga pedeli kwa kasi. Nyuma yangu nikasikia mmoja anasema, "Hee! Huyu kapita!" na sikujiuliza kwa nini alishangaa.

Aibu ya kilio kile ilinichoma. Nikawa nawaza, mzee wa watu anapita na uchafu huu wa sauti kila siku, hana wa kumsaidia, nami nimepewa amana, basi nitairudisha ikiwa nzuri kuliko nilivyoichukua. Mbele kidogo, chini ya banda, watu wawili walikuwa wameipindua ngalawa wanaipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayonuka kiasi cha kumtoa mtu machozi. Nikaomba kidogo kwenye kitambaa. Mmoja akaniuliza ya nini, nikamwambia ya breki, wakatazamana, akasema, "Breki, yakhe?" nikamjibu, "Breki," kwa sauti ya mtu aliyewahi kufukuzwa na fundi saa. Nikapaka rimu ya mbele, nikapaka rimu ya nyuma, nikazipaka na raba zote nne, sikubakisha pahala. Nilitaka sifa kwa Mzee Hamadi, na sifa nikaipata, tele.

Nikajaribu: kimya. Kimya cha hariri! Nikaenda zangu naimba.

Njia ya kule ina mteremko mmoja mrefu unaokata kushoto mwishoni, na pale unapokata pana kiwanja cha nyumba, na siku hizo ulikuwa msimu, kiwanja kizima kimetandikwa majamvi na juu ya majamvi karafuu zimeanikwa, nyekundu nyekundu zinaanza kuwa kahawia, na wanawake kama kumi wamekaa pembeni wanachambua vikonyo na kupiga soga. Nilipofika kati ya mteremko nikavuta breki. Kimya. Nikavuta kwa nguvu zote. Kimya vilevile, mikono inabana, raba zinagusa, na baiskeli haina habari. Nilikuwa nimeshajua kuwa nitakufa na nakumbuka nilijiambia, lakini angalia inavyoteleza vizuri.

"Ondokeniii!" nikapiga kelele, na hiyo ndiyo salamu yangu ya kwanza kwa wenyeji wa kiwanja kile.

Nikaingia jamvi la kwanza, la pili nikalikunja na gurudumu, la tatu nikalipanda kwa kifua. Tenga likapaa. Changu na tasi wakatawanyika juu ya karafuu kama waliopangwa na mpishi. Na mimi nilipoinuka, hamadi, upepo ukanigusa mahali usipopaswa kunigusa: kikoi changu kilikuwa kwenye mnyororo wa baiskeli, kimezungushwa mara nne, na mimi nimesimama na shati na kaptura ya ndani yenye tundu, mbele ya wanawake kumi.

Kisha mmoja akasema, "Jamani, samaki na karafuu kaleta. Mchele uko wapi?"

Basi, wakaanguka. Wakacheka mpaka wengine wakalala juu ya vikonyo. Mwenye kiwanja hakucheka. Alikuwa Bi Mwanakombo, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaja mpaka mbele yangu, akavua kanga yake moja ya begani akanirushia bila kunitazama.

"Jifunge, weye," akasema. "Halafu utaokota karafuu zangu moja moja, na iliyonuka samaki utanieleza nani ataipokea."

Nikajifunga kanga. (Ilikuwa na maandishi nyuma, na mahali yalipokaa kwenye mwili wangu wale wanawake waliyasoma kwa sauti, mimi siyaandiki.) Nikapiga magoti nikaanza kuokota, samaki huku, karafuu huku. Bahati samaki wengi waliangukia kwenye jamvi moja la kando. Ndipo Bi Mwanakombo alipoiinua baiskeli akaitazama.

"Hii si ya Mzee Hamadi?"

Nikamweleza yote, mwiba wa taa, pikapu, amana. Akaivuta breki, akaunusa mkono wake.

"Umetia sifa."

"Ilikuwa inalia vibaya, Bi."

Wanawake wote wakaacha kucheka.

"Inalia vibaya," akarudia Bi Mwanakombo taratibu. "Mzee Hamadi ana kigugumizi, umemsikia. Hawezi kuita 'samaki'. Akianza 'sa' hapa, anamaliza kesho kutwa. Miaka yote hii breki ndiyo inamwitia. Kila anayemuazima baiskeli humwambia usitie mafuta breki. Hakukwambia?"

Usitie m... m... Nikawaona wale wanawake wa Tumbe na mabakuli yao. Alinambia. Alinambia na mimi nikamnyang'anya neno mdomoni nikatia langu, kisha nikaenda nikainyang'anya na baiskeli yake sauti.

"Nitaita mimi," nikasema. "Nina koo zima. Nitapita naita samaki, samaki."

"Nani atanunua samaki wa mwanamume aliyevaa kanga?" akauliza yule wa mchele, nao wakaanza tena.

"Sikiliza," akasema Bi Mwanakombo. "Kule mbele wanawake wameshabandika vyungu, wanasubiri kile kilio. Kuna mchuuzi mpya wa samaki, wa pikipiki, ana honi, naye anapita kabla ya adhuhuri. Mwezi mzima anajaribu na hawamjali kwa sababu wamemzoea mzee. Leo wasisikie kitu, watatoka kwa honi. Na wakishamzoea mwenye honi, Mzee Hamadi na mguu ule ataanzia wapi?"

Jua lilikuwa limeshapanda. Changu walikuwa bado wana macho maangavu, lakini si kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Bi Mwanakombo, nipe jivu, mchanga na ndimu. Karafuu zako nitakuja kuziokota zote, naapa, lakini kwanza nirudishe kile kilio."

Akaniangalia kupitia miwani yake. "Jivu liko jikoni," akasema.

Nikaipindua baiskeli magurudumu juu. Nikasugua rimu kwa jivu na mchanga, nikaosha kwa ndimu, nikachomoa raba nikazikwangua kwa kisu mpaka zikatoa ngozi mpya. Wanawake wamenizunguka. Nikazungusha gurudumu, nikavuta breki. Fyuuu. Ilishika kidogo, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayepuliza chai. Nikasugua tena. Fyuuu. Papa alikuwa ameshaingia ndani ya raba.

Nikakaa chini, nikafikiri, na hapo udadisi wangu, uliokuwa umenifukuzisha kila mahali, kwa mara ya kwanza ulinifaa. Nilijiuliza, kwani ile breki ilikuwa inalia nini? Ukiburura kasha zito juu ya sakafu ya saruji haliendi moja kwa moja: linakwama, linaruka, linakwama, linaruka, na huko kukwama na kuruka ndiko kunguruma kwenyewe. Na kidole kilicholowa ukikizungusha kwenye mdomo wa bilauri kinafanya vilevile, ila upesi mno, kinashika na kuachia, kinashika na kuachia, kuliko jicho linavyoweza kuhesabu, bilauri nzima inatetemeka, na mtetemo ule ndio sikio linauita sauti. Basi raba kwenye rimu ni hivyo hivyo. Kinacholia ni kile kile kinachoshika. Nilipokiua kilio, niliua breki, na hilo nililithibitisha kwa kifua. Nilichokuwa nakihitaji si usafi tu. Nilihitaji kitu cha kushika na kuachia.

Na nikamkumbuka mpiga fidla wa taarab niliyemuona Wete, nilimsimamia kichwani jioni nzima mpaka akachoka na mimi. Kabla ya kupiga alikuwa anausugua upinde wake kwa kidonge cha utomvu mkavu, rangi ya asali, na nilipomuuliza kwa nini asiupake mafuta ukalainika, alinitazama kama mjinga akasema, "Mafuta? Fidla itakuwa bubu. Huu ndio unaokamata uzi."

"Bi Mwanakombo!" nikaruka nikasahau kanga, nikaidaka. "Una utomvu? Utomvu mkavu wa mti wowote?"

"Wa fenesi?"

"Ule unanata tu. Mkavu, unaosagika."

Akafikiri. "Mkavu nnao ubani."

"Ubani! Lete ubani!"

Hapo ndipo kijiji kilipothibitisha kuwa mimi ni mwendawazimu. "Anaifukizia baiskeli!" akapiga kelele yule wa mchele. "Imepagawa! Iulizeni jina lake!" Mwingine akaanza kuipigia makofi kama kwenye ngoma ya shetani. Mimi nikausaga ubani kwenye jiwe mpaka ukawa unga mweupe, nikazipaka raba, nikaisugua rimu kwa kitambaa chenye unga, nikazungusha gurudumu kwa nguvu zangu zote, nikasema bismillahi, nikavuta breki.

Kwanza kimya.

Kisha ikalia. Ewallah, ililia! Haikulia kama asubuhi, ililia kama asubuhi mara tatu, kilio kipana kilichotoka kwenye rimu kikaingia kwenye fremu, fremu ikatetemeka mpaka mikononi mwangu, kuku wakakimbilia migombani, Bi Mwanakombo akaziba masikio yake kwa mikono miwili, na alipoitoa nilimuona anacheka kwa mara ya kwanza. Wale wanawake wakapiga vigelegele kama vya harusi. Nilitamani kulia na mimi.

"Nenda," akasema Bi Mwanakombo. "Nenda kabla ya honi."

Kikoi kilikuwa kimechanika vipande vitatu, mkoba uko kwa Mzee Hamadi, kwa hiyo niliingia Wingwi nimevaa kanga ya kike, shati limetapakaa jivu, samaki wananukia karafuu, na breki, kila ilipopata moto, inatoa moshi mwembamba wa ubani. Nikavuta breki kwenye nyumba ya kwanza. Mlango ukafunguka. Nikavuta kwenye ya pili, ikafunguka milango mitatu. Nikaacha kuogopa, nikawa navuta hata pasipo na sababu, na wanawake wanatoka na mabakuli na masinia, na mimi safari hii nimesimama.

"Mbona leo kilio kikali hivi?" akauliza mmoja. "Mzee Hamadi mzima?"

"Mzima, kachomwa mguu tu. Kaniagiza."

"Na huu ubani wa nini? Kafa nani?"

"Hajafa mtu, mama. Ni breki."

"Breki," akasema, akanitazama kanga, akaisoma, akacheka mpaka akaegemea mlango, lakini changu alichukua wanne.

Yule mtu wa pikipiki alitukuta hapo. Alikuwa na sanduku zuri la mbao nyuma na honi inayong'aa, akaipiga mara moja, akaipiga mara ya pili, na hakuna hata bakuli lililogeuka. Mwanamke mmoja, bila kuinua macho kutoka kwenye tenga langu, akamwambia, "Honi kila ntu anayo, yakhe. Pita salama." Nikavuta breki kumuaga. Si adabu, najua, lakini mkono ulinizidi.

Adhuhuri inaadhiniwa tenga limebaki tasi wawili tu. Nikaukuta ule msikiti mdogo, nikaiona nyumba, nikavuta breki kwa mara ya mwisho mbele ya baraza. Mzee Hamadi alikuwa ameshaletwa, amelazwa kwenye kitanda cha kamba barazani, mguu umefungwa kitambaa cheupe juu ya mto, na mkewe, Bi Mize, amekaa miguuni kwake na upepeo wa ukili. Mzee alikuwa amenisikia tangu nyumba ya kwanza. Bi Mize aliniambia baadaye kuwa tangu aletwe alikuwa kimya ameelekeza sikio njiani, hataki maji, hataki uji, na kile kilio cha kwanza kilipofika akaomba uji.

Nikateremka. Nikamsalimia, nikaweka tenga chini, nikamweleza kila kitu, na sifa, na majamvi, na ubani, sikuficha ila ile kaptura. Nikamuomba radhi kwa neno nililomkata. Nikamwambia tangu leo mtu akianza kusema na mimi, hata akikaa na neno moja mpaka chakula kipoe, simmalizii, na nimeishika ahadi hiyo mpaka leo, ingawa kuna mikutano ya kijiji imenitesa sana. Kesho yake na keshokutwa nilikuwa na karafuu za kuokota kwa Bi Mwanakombo, na pa kulala sikuwa napo, lakini hilo sikulisema.

Mzee Hamadi akainuka kidogo kwenye mto. Akanitazama, akaitazama kanga, akaitazama baiskeli yake inayofuka ubani.

"Ka..." akasema. "Ka... ka..."

Kichwani mwangu yakapanga foleni maneno yote: kaa, karibu, kanga ya nani, kazi nzuri, kaniharibia. Ulimi uliniwasha. Nikauma mdomo wa chini nikasimama pale juani, Bi Mize anapepea, mtu wa msikitini anapita anatoa salamu anaitikiwa, na mimi nasubiri.

"Ka... ka... kachukue mkeka kwa Bi Mize," akasema Mzee Hamadi. "Chu... chumba cha uani ni chako."

Nikaenda kuchukua mkeka.